JUMUIYA NI YA NANI?



Vikundi vingi tunavyotembelea hapa Suna vimezaliwa ndani ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Majirani wanasoma Neno, wanasali, halafu wanachangiana. Ni jambo zuri. Lakini tuulizane: ni nani hayupo tunapokutana, na kwa nini?

Tukumbuke mwanzo. Mwaka 1973 maaskofu wa AMECEA walikutana Nairobi, wakaamua Kanisa lijengwe kuanzia chini, kwa familia chache zinazojuana. Katika kanisa la watu 500 unaweza kukosa Jumapili tatu na hakuna anayejua. Katika jumuiya ya nyumba 12, asiyekuja anaonekana mara moja. Jumuiya basi ni mahali pa kujaliana.

Sasa tutazame yanayotokea. Mjane anakosa shilingi 50 za mchango. Mara ya kwanza anaomba radhi. Mara ya tatu haji tena, maana anaona haya jina lake likisomwa mbele ya watu. Daftari linasema "hajalipa". Halisemi kwamba mahindi yamekauka na watoto ni wanne. Siku akifiwa, wengine wanauliza ati alikuwa mwanachama hai? Ndugu, hapo daftari limekalia kiti cha Injili.

Wa pili ni mgonjwa. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima 100, karibu 20 katika kaunti ya Homa Bay na 13 Migori walikuwa na virusi vya Ukimwi. Kwa hiyo jambo hili ni la nyumbani kwetu. Dawa zipo, na anayezimeza kila siku huishi miaka mingi. Kinachomfukuza kwenye sala ni minong'ono.

Wa tatu ni mgeni. Migori wanaishi Wajaluo, Wakuria, Wakisii, Waluhya na wengineo. Hata Wasuna wenyewe wana asili ya Kibantu, ingawa leo wengi wanasema Kijaluo. Sala yote ikiwa kwa Kijaluo, mama Mkuria atakaa kimya mpaka mwisho. Wiki ijayo hutamwona.

Tusidhani anayeachwa nje atangoja mlangoni. Mwaka 1963 Wakatoliki wengi wa sehemu hizi walijitenga katika Legio Maria, na Got Kwer, hapa hapa Migori, ni mahali pao patakatifu mpaka leo. Sababu zilikuwa nyingi. Mojawapo ni kwamba kule wenye wake wengi walipokelewa, na wagonjwa waliombewa. Watu huenda wanakopokelewa.

Tufanye nini?

1. Tuwe na madaftari mawili. Chama cha mikopo lazima kiwe na masharti, la sivyo kitakufa. Lakini sala haina ada, wala kuzika wafu hakuna ada. Anayedaiwa na chama asidaiwe na jumuiya.

2. Tuchague watu wawili wa kumtembelea asiyeonekana mara mbili mfululizo. Waende na salamu, wasiende na daftari. Wakikuta kuni hazipo, wachanje kuni.

3. Tusimwulize mtu ugonjwa wake. Akitwambia, ibaki kwetu. Kumsindikiza kliniki au kumpa nauli kunatosha.

4. Somo lisomwe pia kwa Kiswahili, na mgeni apewe zamu ya kusoma na ya kukaribisha jumuiya nyumbani kwake. Atakayepika chai tu bila mandazi, tuinywe kwa furaha.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

Ni jirani gani ameacha kuja tangu mwaka uanze? Nani amekwenda kumwona? Je, tukimwalika wiki hii, kuna kitu chochote mlangoni petu kitakachomrudisha?

Msifunge mkutano kabla ya kuamua nani ataenda kwa nani, na siku gani.