Saratani ya tezi dume: Namba ya PSA inapima kimeng'enya, si saratani

Mwanaume akiambiwa akapime tezi dume, kitu cha kwanza kinachomjia kichwani mara nyingi ni kidole cha daktari. Lakini kuna kipimo kingine cha damu tu, kinaitwa PSA. Majibu yake hutoka kwa namba, na hapo ndipo hofu huanza. Namba ikiwa juu, mtu anajiona tayari ana saratani.

Ukweli ni kwamba PSA haipimi saratani. Inapima kimeng'enya.

Kimeng'enya ni nini?

Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini. Vilivyomo kwenye mate na tumboni, kwa mfano, huvunja chakula.

PSA ni kimeng'enya kinachotengenezwa na tezi dume. Kazi yake ni kufanya shahawa ziwe nyepesi ili mbegu ziweze kuogelea. Kwa hiyo hata mwanaume mzima wa afya anayo.

Kwa kawaida ni kiasi kidogo tu kinachovuja kuingia kwenye damu. Saratani ikivuruga mpangilio wa seli za tezi, kinavuja zaidi. Lakini PSA hupanda pia tezi ikitanuka kwa sababu ya umri, ikipata maambukizi, mgonjwa akiwekewa mpira wa mkojo, au akiwa ametoa shahawa siku moja au mbili kabla ya kipimo.

Ndiyo maana daktari anaweza kurudia kipimo, kuagiza MRI, au kuchukua vipande vidogo vya tezi vikapimwe maabara. Hivyo vipande ndivyo vinavyothibitisha saratani. Na kinyume chake pia hutokea: mtu ana PSA ya chini, kumbe saratani ipo.

Vimeng'enya vinavyoilisha saratani

Saratani hii hukua kwa kutegemea homoni za kiume. Kimeng'enya kiitwacho 5-alfa-reduktasi hubadili testosteroni kuwa DHT, homoni yenye nguvu zaidi inayoziamuru seli za tezi zikue.

Mwaka 1941, daktari Charles Huggins wa Chicago, Marekani, alionyesha kuwa wagonjwa walioondolewa korodani, ambako testosteroni nyingi hutengenezwa, walipata nafuu. Alijuaje? Pamoja na kuwachunguza wagonjwa, alipima kimeng'enya kingine kwenye damu yao, asidi fosfatasi, na kukiona kikishuka. Mwaka 1966 alipata Tuzo ya Nobel.

Tatizo ni kwamba baada ya muda saratani hujifunza kuishi na homoni kidogo. Kimeng'enya cha CYP17 husaidia kutengeneza homoni hizo kwenye korodani, kwenye tezi zilizo juu ya figo, na hata ndani ya uvimbe wenyewe. Dawa ya abirateroni hukizuia kimeng'enya hicho, hivyo kukata chakula cha saratani sehemu zote 3. Ilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 2011, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu.

Inasambaa vipi?

Seli za saratani zimezungukwa na tishu zinazofanya kazi kama ukuta. Vimeng'enya vya kundi la MMP, ambavyo kwa kawaida husaidia kidonda kupona, hutumiwa na saratani kuubomoa ukuta huo. Seli hupenya, zinaingia kwenye damu, na mara nyingi huishia kwenye mifupa, hasa ya mgongo na nyonga.

Wanasayansi walijaribu dawa za kuzuia MMP kuanzia miaka ya 1990. Hazikufua dafu, na baadhi ya wagonjwa walipata maumivu makali ya viungo. Mwili nao unavihitaji vimeng'enya hivyo.

Mambo ya kuzingatia

Mwaka 2022, watu takriban milioni 1.5 duniani waligundulika na saratani hii na karibu 397,000 walifariki. Wanaume weusi na wale ambao baba au kaka zao waliugua wako kwenye hatari zaidi. American Cancer Society inashauri wanaume weusi waanze kuzungumza na daktari kuhusu kipimo wakiwa na miaka 45.

Kama unatumia finasteraidi, dawa ya tezi iliyotanuka au ya kuzuia nywele kukatika, mwambie daktari kabla ya kipimo. Dawa hiyo huzuia 5-alfa-reduktasi na inaweza kushusha PSA kwa karibu nusu. Namba itaonekana nzuri kuliko hali ilivyo.

Na usisubiri maumivu. Mwanzoni saratani hii mara nyingi haina dalili. Mgongo ukianza kuuma kwa sababu yake, huenda tayari imeshafika kwenye mifupa.