Vinasaba vyaweza kufupisha safari ya mbegu bora ya viazi Njombe

VIAZI mviringo vinavyolimwa katika nyanda za baridi za Njombe husafirishwa kwa malori kupitia Makambako, mahali ambapo barabara ya Songea huungana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya. Kabla ya kufika huko, zao hilo hukabiliwa na adui mkubwa shambani: bakajani chelewa.

Ugonjwa huo, ambao wakulima wengi huuita ukungu, hustawi penye baridi na unyevu na huweza kuteketeza shamba kwa siku chache. Huko Ireland ulisababisha njaa ya mwaka 1845 hadi 1849, iliyoua watu wapatao milioni moja.

Nyanya nayo haisalimiki, kwani ni ya ukoo mmoja na kiazi, pamoja na bilinganya na pilipili hoho.

Undugu huo sasa umegeuka msaada. Mwaka 2011 wanasayansi walichapisha ramani ya vinasaba vya kiazi, na mwaka 2012 ikafuata ya nyanya. Kwa kuwa mpangilio wa vinasaba hivyo unafanana sana, kinachogunduliwa katika zao moja huelekeza utafiti katika jingine.

Kwa kawaida, kupata aina mpya ya kiazi huchukua miaka 10 au zaidi. Mtafiti huchavusha mimea miwili, hupanda maelfu ya miche, kisha husubiri kuona upi utahimili ugonjwa. Akiwa na ramani, hupima kipande cha jani la mche mchanga na kutambua mapema uliorithi kinga.

Njia hii si sawa na kuhamisha jeni kwa uhandisi jeni. Uchavushaji hubaki ule ule wa kawaida. Kinachobadilika ni namna ya kuchagua.

Hata hivyo, kinga ya kinasaba kimoja huweza kushindwa, kwani vimelea hubadilika. Ndiyo maana watafiti hukusanya kinga kadhaa katika aina moja, nyingi zikitoka katika mimea ya porini ya Amerika.

Zaidi ya hayo, kiazi hupandwa kwa kiazi, hivyo mbegu chafu husafiri na ugonjwa. Ramani hiyo itamnufaisha mkulima wa Njombe pale tu mbegu bora na safi, zilizozalishwa kwa wingi, zitakapomfikia shambani kwa bei anayoimudu.