Macho ya Wazee wa Garissa Yapimwe kwa Mizani Gani?

Kliniki ya macho humketisha mzee mita 6 kutoka chati iliyo ukutani, afunike jicho moja, aonyeshe kwa vidole herufi E imeelekea wapi. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO), asiyefikia 3/60 hata kwa jicho lake lililo bora, yaani asiyeweza kuona kwa mita 3 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 60, ni kipofu. Chati hiyo ni rahisi na haimtaki mtu ajue kusoma, lakini inajibu swali moja tu, nalo silo lililomleta mzee hospitali. Mfugaji wa Garissa, Wajir au Mandera amekuja kwa sababu alama ya ukoo kwenye ngamia wake haionekani tena, au sokoni hawezi kukagua meno ya mbuzi kabla ya kukubali bei, au kila ujumbe wa M-Pesa sharti asomewe na mjukuu, ambaye sasa anaijua na namba yake ya siri. Huduma ya macho Kaskazini Mashariki mwa Kenya itaendelea kujipima nusunusu mpaka ubora wa maisha nao upimwe, tena kwa maswali yaliyotoka katika maisha ya huko.

Ushahidi kwamba jambo hili linapimika tunao hapa nchini. Watafiti wa chuo cha afya na tiba ya kitropiki cha London, pamoja na wenzao wa Kenya, walichunguza watu wa miaka 50 na zaidi wenye mtoto wa jicho katika Nakuru, Bangladesh na Ufilipino, wakawalinganisha na majirani wa rika lao wanaoona vizuri. Waliwapima kwa chati, kisha wakawauliza maswali 20 ya dodoso la WHO, matumizi ya kaya, na jinsi siku inavyopita. Ripoti ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba kaya za wenye mtoto wa jicho zilikuwa maskini zaidi. Ile ya 2010 ilionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya upasuaji matumizi ya kaya yalikuwa yamepanda. Mafanikio ya namna hiyo chati haiwezi kuyaona, ingawa ndiyo yanayomgusa waziri wa fedha wa kaunti.

Hata hivyo Nakuru ni nchi ya wakulima, na dodoso halihami salama kila mahali. Lile la Marekani la maswali 25, linalotumika sana duniani, huuliza kuhusu kuendesha gari, kusoma gazeti na kwenda sinema. Bibi anayeuza maziwa ya ngamia Garissa atayaacha wazi, na alama zake zitapotosha. La WHO liko karibu zaidi naye: linauliza kama unaona kinywaji kimefika wapi unapomimina, kama unatofautisha sarafu na noti, kama unaona unapoingia ndani kutoka kwenye jua kali. Swali hili la jua lina uzito mkubwa katika nchi kavu. Mtoto wa jicho hutawanya mwanga ndani ya jicho, kwa hiyo mtu anayesoma mistari midogo katika chumba chenye kivuli anaweza akapotea njia saa sita mchana. Kinachokosekana katika dodoso hilo ni kukamua kabla ya mapambazuko, kumtambua mnyama kwa mbali, kusoma msahafu. India watafiti walianza kwa kuwasikiliza wagonjwa wenyewe, ndipo wakatunga dodoso lao. Kisomali, lugha ya wafugaji hao, kinastahili kazi hiyo hiyo.

Wapo watakaosema majibu ya mdomo hayaaminiki, na hoja yao ina nguvu. Mzee mcha Mungu akiulizwa hali yake atashukuru kwanza. Mwingine ameshazoea giza na kuliita uzee. Mara nyingi kijana wake humjibia. Lakini dawa yake ni kuuliza vizuri. Badala ya kumuuliza kama ana huzuni, aulizwe kama wiki hii amekwenda msikitini bila kushikwa mkono, na aulizwe kijana akiwa nje. Warudiwe baadhi yao baada ya siku chache, ijulikane ni swali lipi linayumba, litupwe. Chati nayo huyumba mwanga wa chumba ukibadilika, na hakuna aliyeitupa.

Pingamizi la pesa ndilo gumu zaidi, kwa kuwa mgonjwa wa Mandera yuko mamia ya kilomita kutoka Garissa na upasuaji wenyewe haujamfikia. Upasuaji wa mtoto wa jicho ufanywe leo, bila kungoja utafiti. Lakini uzee una glakoma pia, presha ya macho, ambapo uoni uliopotea haurudi na dawa ya matone inayowasha huwekwa kila siku maisha yote. Hapo alama za chati hazitapanda hata tiba ikifaulu, na bila kumuuliza mgonjwa hatujui kama mzigo wa dawa unabebeka. Mwaka 2021 Mkutano wa Afya Duniani uliweka lengo la kuongeza kwa nukta 30 za asilimia, ifikapo 2030, sehemu ya wanaohitaji upasuaji wa mtoto wa jicho ambao wameupata kwa matokeo mazuri, na uzuri huo unapimwa kwa chati. Kaunti tatu za Kaskazini Mashariki zinaweza kuongeza maswali machache ya Kisomali kwenye fomu za kambi za macho, yaulizwe kabla ya upasuaji na tena mgonjwa anaporudi kukaguliwa, na majibu ya wanawake yahesabiwe peke yake, kwa kuwa katika nchi nyingi wao ndio wanaochelewa zaidi kufika kwenye meza ya upasuaji.