Bia ya ngano Mikese: ndoo moja, mtaji wa mwezi mzima

MFANYABIASHARA mdogo wa Mikese anayefikiria kupika bia ya ngano ya mtindo wa Ubelgiji hatakwama kwa ngano wala viungo. Atakwama kwenye mzunguko wa mtaji.

Pombe ya mtama inayopikwa majumbani ina sifa ambayo mhasibu yeyote angeipenda: fedha haikai. Mwenye kimea mkononi hupika, huchachusha na kuuza katika muda wa wiki moja hivi. Bia ya ngano hutaka wiki mbili ndani ya ndoo na nyingine mbili ndani ya chupa. Mtaji ambao kwenye mtama ungezunguka mara 50 kwa mwaka, kwenye ngano utazunguka mara 12 au 13. Ndoo ya ngano isipoleta faida ya ndoo nne za mtama, mpikaji amejipunja.

Lakini daftari lina upande wa pili. Pombe ya mtama haingoji mnunuzi. Siku mbili tatu tu inakuwa kali kama siki. Mvua ikiharibu siku ya mauzo, hasara ni ya mpikaji. Chukulia faida yake ni robo ya mauzo: pipa moja likimwagwa, limekula faida ya mapipa matatu. Bia ya ngano iliyozibwa vizuri huweza kukaa miezi kadhaa.

Hesabu ya ndoo

Ndoo ya lita 20 inahitaji kilo 5 hivi za nafaka, nusu ngano isiyooteshwa na nusu kimea cha shayiri. Nafaka iliyosagwa kiasi hulowekwa saa moja katika maji ya nyuzi 65 hadi 67 za Sentigredi ili wanga ugeuke sukari. Punje ya ngano haina ganda la nje, hivyo mchanganyiko hunata kama uji na kukataa kuchujika. Dawa yake ni maganda ya mpunga, kitu ambacho mashine za kukoboa za mkoa wa Morogoro huona kama taka.

Maji hayo matamu huchemshwa saa moja na gramu 30 za hopsi. Mwishoni hutiwa gramu 20 za giligilani iliyopondwa na kiasi kama hicho cha maganda makavu ya chungwa. Yakishapoa chini ya nyuzi 25 ndipo hamira hutiwa. Joto la Mikese ni adui hapa: ndoo iwekwe ndani ya beseni la maji na kufunikwa gunia bichi, la sivyo bia itanuka vanishi. Ikishatulia, hutiwa gramu 7 za sukari kwa kila lita na kuzibwa. Ikizibwa kabla ya kutulia, chupa hupasuka. Ukitoa machicha, zitapatikana chupa kama 36 za nusu lita, zenye kileo cha asilimia 5 hivi.

Gharama kubwa haipo kwenye ngano. Hopsi na hamira ya bia huagizwa kutoka nje, na shayiri ya mikoa ya kaskazini hulimwa zaidi kwa mikataba na viwanda vikubwa. Kuweka kimea cha mtama mahali pa shayiri kunapunguza gharama, lakini nguvu yake ya kugeuza wanga ni ndogo na ladha inabadilika.

Muuza maziwa wa Hoegaarden

Ubelgiji nako bia hii ilikaribia kufa. Katika mji wa Hoegaarden kiwanda cha mwisho kilifungwa miaka ya 1950. Mwaka 1966 muuza maziwa Pierre Celis aliifufua, na ikapata soko. Mwaka 1985 moto uliteketeza kiwanda chake, na bima haikutosha. Akapokea fedha za kampuni ya Stella Artois, na hatimaye biashara ikatoka mikononi mwake. Leo Hoegaarden ni mali ya AB InBev, ambayo tangu 2016 ndiyo mwenye hisa nyingi za TBL. Mwekezaji mdogo aliyenunua hisa za TBL katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, zilikoorodheshwa mwaka 1998, yumo nyumba moja na bia ya muuza maziwa, pengine bila kujua.

Wa Mikese anayetaka kuuza ana milango kadhaa ya kubisha: leseni chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, alama ya ubora ya TBS, na TRA kwa ushuru wa bidhaa na stempu za kielektroniki zilizoanza 2019. Gharama hizi hazipungui kwa sababu ndoo ni moja, na chupa 36 haziwezi kuzibeba.

Kuhusu wanunuzi, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Morogoro inapita mlangoni, ila abiria wa basi si mteja wa bia ya chupa asiyoijua. Mteja wa kweli ni hoteli za Morogoro mjini na zile za wageni wa Mikumi. Hoteli ikiomba kulipa baada ya siku 30, mtaji unalala miezi miwili, na mizunguko ya mwaka inabaki sita.