Jinsi King'amuzi Kinavyopatanisha Sauti Nyingi kwa Saa Moja

Mtu akisimama mbali na wachimbaji wadogo wanaoponda mawe ya dhahabu katika eneo la Bugarama, mkoani Shinyanga, huiona nyundo ikigonga jiwe kabla ya kuusikia mlio wake. Akiwa umbali wa mita 170, mlio humfikia baada ya nusu sekunde hivi, kwa sababu sauti husafiri hewani kwa mwendo wa takriban mita 340 kwa sekunde, hali nuru humfikia papo hapo. Ubongo wa mwanadamu umezoea kuchelewa huko. Lakini katika maumbile hakuna mahali ambapo mlio huitangulia nyundo.

Ndiyo maana mtazamaji wa televisheni hutambua upesi kasoro ya sauti iliyotangulia picha. Kwa mujibu wa vipimo vya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), kasoro huanza kutambulika sauti inapotangulia kwa sekunde 0.045 hivi, lakini ikichelewa, haitambuliki mpaka ifikie sekunde 0.125 hivi. Kwa mwanafunzi mwenye usikivu hafifu, ambaye huyafuata maneno ya mwalimu kwa kutazama midomo, kupishana huko si kero tu, bali humpotezea somo.

Hebu sasa tutazame kazi ya king'amuzi, chombo kilichoenea nchini mwetu baada ya matangazo ya analojia kuanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012. Katika mfumo wa dijitali, picha na sauti hubanwa na kusafirishwa katika vifurushi vidogo. Kuifungua picha ni kazi ndefu kuliko kuifungua sauti, kwani baadhi ya picha haziwezi kukamilishwa mpaka picha ya baadaye iwe imekwisha fika. Iwapo kila kitu kingetolewa mara kifunguliwapo, sauti ingetangulia daima.

Dawa yake ni mhuri wa wakati. Mtambo wa kurushia huandika juu ya picha na sauti saa hasa ya kutolewa, kwa hesabu inayogawa sekunde moja katika sehemu 90,000. Pia hutuma mara kwa mara hesabu ya saa yake kuu, nacho king'amuzi huirekebisha saa yake ilingane nayo. Kilichowahi huwekwa katika akiba ya kumbukumbu mpaka wakati wake ufike. Kwa hiyo upatanifu hautokani na haraka, bali na kungoja.

Je, sauti zikiwa nyingi? Filamu nyingi hutumia njia sita: tatu za mbele, mbili za nyuma, na moja ya mngurumo mzito. Katika mfumo wa Dolby Digital, sampuli 1,536 za kila njia hufungwa pamoja katika fungu moja. Kwa kuwa sampuli 48,000 hutolewa kila sekunde, fungu hilo hudumu sekunde 0.032. Likifunguliwa, njia zote sita hutoka pamoja, nazo haziwezi kupotezana.

Hatari huanza nje ya king'amuzi. Tuseme katika ukumbi wa video mtazamaji ameketi mita 6 kutoka spika za mbele na mita 1 kutoka spika za nyuma. Sauti ya nyuma itamfikia mapema kwa mita 5 gawanya kwa 340, yaani sekunde 0.015 hivi. Nalo sikio huelekea kuuhesabu upande uliotangulia kuwa ndio chanzo cha sauti. Kwa hiyo mwenye ukumbi hupima umbali wa kila spika na kuuandika katika kikuza sauti, nacho huzichelewesha spika za nyuma kwa kiasi hicho.

Hatari ya pili ni saa mbili. Spika zisizo na waya zikiendeshwa kila moja kwa saa yake, bila kusahihishwa, hata tofauti ndogo hukua. Spika moja ikitoa sampuli 48,000 kwa sekunde na ya pili 48,003, baada ya saa nzima zitapishana kwa sampuli 10,800, yaani sekunde 0.225. Wasikilizaji watasikia kila neno mara mbili. Spika zilizoundwa vizuri hukumbushana wakati mara kwa mara, kama king'amuzi kinavyokumbushwa na mtambo wa kurushia.

Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili uwanjani. Mwanafunzi mmoja agonge kipande cha chuma umbali wa mita 170 kutoka kwa wenzake, kwa kurudia pigo moja kila sekunde. Wenzake watauona mkono ukiwa juu, katikati ya mapigo mawili, wakati ule ule wanapousikia mlio. Kisha wasogee karibu hatua kwa hatua, wakiandika umbali ambapo pigo na mlio huonekana kuwa jambo moja, na wakokotoe ucheleweshaji wake. Jibu lao walilinganishe na kile kipimo cha sekunde 0.125.