Vumbi la Mbao na Kifua cha Fundi

Fundi seremala mmoja alikuja kwetu baada ya kukohoa miezi kadhaa. Nyumbani walikuwa wamekwisha mtengea kikombe chake, wakihofia kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili lazima kipimwe, nasi tulipima makohozi. Hayakuwa na vijidudu. Tulipouliza kikohozi hupungua lini, mkewe ndiye aliyejibu: "Akienda kwao kulima, anapona." Hapo tulijua pa kutafuta.

Mninga wa misitu ya miombo ya upande wa Manyoni hutoa fanicha nzuri, lakini vumbi lake huwasha ngozi na laweza kuleta pumu. Tena mwaka 1995 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani ulitamka kuwa vumbi la mbao huleta saratani, hasa ndani ya pua. Maranda huanguka chini na akina mama huyawashia jiko. Kinachoumiza ni ule unga laini wa msasa na msumeno, unaoelea hata mashine ikizimwa. Leso usoni hauizuii.

Dawa pekee hazitoshi, vumbi linyonywe. Wengi hufunga feni na bomba linalopita juu chini ya kenchi, ili sakafu ibaki wazi. Ni vizuri, ila tumeona karakana yenye bomba na vumbi vilevile, kwa kuwa mdomo wa bomba ulikuwa mbali na msumeno. Jaribu mshumaa: kwa kupuliza utauzima ukiwa mbali, kwa kuvuta pumzi hutauzima. Basi mdomo ukae pale pale vumbi linapotoka.

Kona ziwe za kupinda taratibu, na tawi liingie bomba kuu kwa mshazari, lisifanye herufi T, la sivyo vumbi hukwama. Kulipandisha juu kunahitaji upepo wa kasi, kama mita 20 kwa sekunde; kwa hiyo kila tawi liwe na kilango, na vya mashine zilizolala vifungwe. Bomba la bati liunganishwe na waya unaoingia ardhini. Mfuko wa vumbi ukae nje, mbali na moto na madirisha, maana vumbi hilo laweza kulipuka. Aliyeajiri vijana akumbuke pia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003.

Asiye na uwezo apige msasa nje, upepo ukimpa mgongo, avae barakoa inayobana uso, na alowanishe sakafu kabla ya kufagia. Nguo za kazi zibaki kazini. Mama, usizikung'ute chumbani wanakolala watoto.

Fundi wetu amefunga bomba kwenye msumeno tu. Msasa anapiga chini ya mwembe. Usiku analala bila kukoroma kifua, lakini dawa ya kuvuta bado anaitumia, na kila mwezi tunamsikiliza mapafu.