Bhangi ndani ya mkebe: Soma nambari kabla ya kunywa

Ikiwa una mtoto au ndugu anayeishi Toronto au Calgary, huenda siku moja ukamtembelea, ukafungua friji na kukuta mkebe wenye picha ya limau. Usikimbilie kuunywa ukidhani ni soda. Tangu mwishoni mwa mwaka 2019, vinywaji vilivyotiwa bhangi vinauzwa Canada kwa idhini ya serikali, na ladha yake tamu haikuambii lolote kuhusu kilichomo.

Tazama kwanza nje ya mkebe. Kinywaji chenye THC, yaani kemikali ya bhangi inayolevya, lazima kiwe na alama nyekundu yenye jani la mmea huo. Kisha tafuta kiasi cha THC kwa miligramu. Sheria ya Canada hairuhusu mkebe mmoja kupita miligramu 10.

Kumi ni kidogo, utasema. La hasha! Wizara ya afya ya nchi hiyo humshauri mtu anayeanza asizidi miligramu 2.5, ambayo ni robo tu ya mkebe wenye miligramu 10. Lakini ni nani anayefungua kinywaji baridi siku ya joto akanywa robo na kurudisha kilichobaki kwenye friji?

Balaa kubwa zaidi ni haraka. Anayevuta bhangi huhisi athari zake baada ya dakika chache, kwa kuwa moshi huingia katika damu kupitia mapafu. Inayomezwa hupitia tumboni na kwenye ini, ambako THC hugeuzwa kuwa kemikali nyingine yenye nguvu. Huenda ukangoja kuanzia nusu saa hadi saa mbili kabla ya kuhisi chochote, na kilele kikafika saa nne baada ya kunywa. Viwanda vingine huvunja mafuta ya bhangi kuwa matone madogo mno ili yachanganyike na maji, na vinywaji vya namna hiyo aghalabu hufanya kazi mapema zaidi. Hata hivyo, miili haifanani.

Basi mgeni hunywa mmoja, akakaa dakika 20, akaona hakuna kitu, akafungua wa pili. Baadaye yote humfikia kwa pamoja: moyo kwenda mbio, kizunguzungu, kutapika, hofu isiyo na sababu. Hali hiyo yaweza kudumu saa nyingi, na uchovu wake kufika siku ya pili. Akiongeza bia, mambo huharibika zaidi. Kuendesha gari ni mwiko kabisa.

Utaona pia herufi CBD kwenye mikebe mingine. Kemikali hii hailevyi, lakini usiichukulie kama maji. Yaweza kuongeza nguvu ya dawa nyingine, mfano warfarin inayozuia damu kuganda. Mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito na mama anayenyonyesha wasiguse vinywaji vya bhangi. THC humfikia mtoto kupitia maziwa.

Watoto nao wana hatari yao. Madaktari wa Canada walipokea watoto wengi zaidi waliomeza bhangi baada ya vyakula vyake kuruhusiwa, hasa peremende. Katika mkoa wa Quebec, ambako peremende za bhangi zilikatazwa, ongezeko kama hilo halikuonekana. Mkebe wa rangi za kupendeza humvutia mtoto vilevile, kwa hivyo mwenye nyumba auweke mbali na soda, tena chini ya kufuli. Mtoto akinywa, mpeleke hospitalini mara moja na ubebe mkebe wenyewe, ili daktari asome ile nambari.

Na usifunge hata mmoja sandukuni kuwaletea wa nyumbani. Hapa Kenya bhangi imepigwa marufuku na sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya, na risiti ya duka la Toronto haitakusaidia pale uwanja wa ndege.